Karibu, Shemeji

Mlinitukana wiki nzima, nimesikia. Kuna aliyenipigia simu akaniuliza kama nina roho ya binadamu, nimwache mtu wa watu ameshikwa bega na nyapara halafu niweke nukta niende zangu kulala. Haya, tulia. Tunarudi palepale.

Kwa aliyechelewa: kipindi cha Kuta Nne kimewaingiza gerezani watu watano wa kujitolea, wamevaa sare, wamepewa makosa ya uongo, na wafungwa wenzao hawajui. Wameambiwa tu kwamba kamera zilizo ukutani zinapiga filamu ya maisha ya jela. Sura za wafungwa zimefichwa kwa ukungu. Sura za hawa watano tunaziona.

Mmoja wao ni Mwalimu. Anafundisha hesabu shule ya msingi, mpole, kazoea kusema "tuelewane" kila baada ya sentensi mbili. Aliingia kwa sababu mwanafunzi wake wa zamani alipelekwa rumande mzima akarudishwa kwao amebebwa. Alitaka kuona kwa macho yake.

Jumamosi iliyopita, nyapara wa selo namba sita, yule bwana mkubwa wa wafungwa, alimwekea mkono begani akasema maneno mawili tu: "Karibu, shemeji."

Kipindi kikakatika hapo hapo.

Weee! Mji haukulala. Muuza duka anakurudishia chenji: karibu, shemeji. Daktari anaita mgonjwa anayefuata: karibu, shemeji. Na kule kwenye kiwanda kidogo cha ushonaji cha Mama Vipimo ikaingia oda ya fulana arobaini, zidariziwe maneno hayo hayo kifuani kwa uzi mwekundu.

Na aliyekabidhiwa kazi ya kuzidarizi alikuwa nani? Mke wa Mwalimu mwenyewe.

Hapo kiwandani hakuna aliyejua. Ana miezi miwili tu tangu aanze, na mkataba wa kipindi umefunga midomo ya familia zote tano. Wanamwita Bi Vifungo, maana alianzia kwenye meza ya vifungo. Mwenzake anayeendesha mashine ya overloki, ambaye naye jina lake limebaki hilo hilo, Overloki, hachoki na utani wake: "Wenzetu wanatumikia vifungo, huyu anavishona."

Wote hucheka. Bi Vifungo naye hucheka, basi tu.

Ila wiki hii hakucheka. Sauti ya yule nyapara aliijua. Au alidhani anaijua. Alibishana nayo siku saba, jikoni, bafuni, kwenye cherehani. Sauti zinafanana, alijiambia. Na kaka yangu yuko gereza la mbali, hayuko hilo.

Ndiyo, msomaji. Ana kaka. Miaka tisa iliyopita ghala la mbao liliungua na mlinzi akafia ndani. Mahakamani akasimama msichana wa miaka ishirini na mbili akasema: "Kaka yangu alirudi nyumbani ananuka mafuta ya taa." Sentensi hiyo moja ilitosha. Kaka alipewa kifungo cha maisha. Mama yao hakumsemesha tena binti yake tangu siku hiyo.

Jumanne alipiga simu kwenye kipindi. Akapokea binti mmoja mchangamfu.

"Dada, wewe ni wa mia tatu na kumi na mbili," binti akacheka. "Wiki hii kila mtu nyapara ni ndugu yake."

Akakata.

Sasa ni Jumamosi, saa tisa alasiri. Mashine zimezimwa isipokuwa ya kudarizi, kwa sababu fulana zinatakiwa Jumatatu. Mama Vipimo kakaa mbele ya televisheni na futi yake shingoni. Overloki ana simu mkononi, yumo kwenye kundi la watazamaji, ndiye mwenye mdomo kuliko wote humo. Pembeni yuko Mzee wa Pasi, anapiga pasi kola bila kutazama.

"Wewe, meno hayo ni mkasi?" Mama Vipimo akafoka bila kugeuka. "Mkasi upo hapo mezani. Kila siku nakwambia, usikate uzi kwa meno kwenye nguo za watu!"

"Samahani, mama."

"Shhh!" Overloki akapiga kelele. "Kimeanza!"

Mkono wa nyapara uko palepale begani. Mwalimu akamtazama, akatabasamu.

Hapa ndipo roho yangu inaponiuma. Mgeni angeogopa akanyamaza. Lakini sisi tumelelewa na utani huu. Mtu usiyemjua akikuita shemeji, huachi hivi hivi, unamrudishia utani, na dada yake humo ndani. Mwalimu, maskini, akafanya kile ambacho mimi na wewe tungefanya.

"Nimefika, shemeji," akajibu. "Dada yako anakusalimu sana. Anasema umemsahau kabisa."

Selo nzima ikaangua kicheko. Mfungwa mmoja akajipiga paja.

"Mwalimu kawamaliza!" Overloki akaruka. "Jamani mbavu sina! Keshapendwa huyo, keshakuwa mwenzao!"

"Hajapendwa," akasema Mzee wa Pasi.

"We mzee nawe!"

"Mimi nilikaa rumande miezi minne kwa kosa la mtu mwingine. Humo ndani hakuna anayeitwa shemeji bure."

Nyapara hakucheka. Kwenye ule ukungu wa sura yake hukuona kitu, ila mkono ulibaki begani, na vidole vikakaza mpaka kitambaa cha sare kikajikunja.

"Hajanisahau?" akauliza taratibu.

"Hata kidogo," Mwalimu akaendelea, bado anacheka. "Asubuhi wewe, jioni wewe."

"Basi niambie kitu kimoja, shemeji. Dada yangu bado anakata uzi kwa meno?"

Tabasamu la Mwalimu likafutika.

Kiwandani Mama Vipimo akageuza kichwa. Overloki akageuka. Hata Mzee wa Pasi akanyanyua macho.

Bi Vifungo alikuwa na fulana mkononi na uzi mwekundu katikati ya meno.

"Siyo mimi," akasema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Hapo ndipo alipojimaliza.

"Makubwa!" Mama Vipimo akashika kifua. "We binti! Huyo nyapara ni nani wako?"

Bi Vifungo alikuwa anaangalia televisheni, maana mumewe alikuwa anauliza swali lile lile.

"Wewe ni nani?" Mwalimu akasema.

"Mimi?" Nyapara akaondoa mkono. Akaenda kukaa kwenye godoro lake, lile la pekee lenye foronya. "Mimi ni marehemu."

Selo ikacheka tena, na maandishi yakajaa kwenye kioo: MWALIMU ATOLEWE AU ABAKI? TUMA UJUMBE. KURA ZINAFUNGWA SAA KUMI NA MBILI JIONI.

Wafungwa walicheka kwa sababu hawakuelewa. Mwalimu alielewa. Kabla ya harusi alimuuliza mchumba wake, una ndugu wangapi? Naye akajibu: nilikuwa na kaka mmoja, alifariki. Miaka minne ya ndoa na maneno hayo hajawahi kuyafuta. Kila mwaka Mwalimu alikuwa akimwambia, twende basi tukafyeke kaburi la shemeji, na kila mwaka yeye alipata kisingizio. Mwaka huu gari bovu, mwaka ule mafua.

Bi Vifungo akasimama. Akashika ukingo wa meza.

"Ni kaka yangu," akasema. "Na yule pale ni mume wangu. Nisaidieni jamani, tupige kura atoke."

Mzee wa Pasi akaweka pasi yake wima, akatoa simu yake ya vitufe. "Naandika nini?"

"Andika ATOKE."

Akaandika herufi moja moja kwa kidole gumba. Mama Vipimo naye akatafuta miwani yake. Na Overloki? Overloki alikuwa anaandika kwa kasi ya ajabu, vidole vinacheza, macho yanang'aa.

"Ahsante, dada," Bi Vifungo akamwambia. "Umetuma?"

"Nimetuma."

"ATOKE?"

Overloki akageuza simu. Kulikuwa na picha ya Bi Vifungo, uzi mdomoni, iliyopigwa dakika mbili tu zilizopita. Chini yake: "MKE WA MWALIMU HUYU HAPA, NAFANYA NAYE KAZI!!! NYAPARA NI KAKA YAKE DAMU!!!"

"Futa!"

"Nilidhani wakijua watamwonea huruma..."

"Futa, nakuomba, futa!"

Akafuta. Lakini ilikuwa imeshasambazwa mara elfu na mia saba, na majibu yalikuwa yanamiminika. Overloki alianza kuyasoma kwa sauti, ulimi umemzoea hivyo, kisha akaanza kunong'ona, kisha akanyamaza kabisa. Nami nitawasomea, maana baadhi yenu mliyaandika.

"Kumbe ni ndugu! Utamu ndio unaanza. ABAKI."

"Huyu si ndiye aliyemfungisha kaka yake mahakamani? Nakumbuka kesi ile. Msaliti wa damu. Mumewe abaki aone cha moto."

"Jamani yule mtu atauawa. Hii siyo sinema."

"We unayelia lia si uzime televisheni yako?"

"Nimetumia simu za familia nzima, kura tisa. ABAKI, ABAKI, ABAKI."

"Mwenye namba ya huyo mke anitumie, nina maswali."

"Mwalimu ni mtu mzima, alijipeleka mwenyewe."

"Wiki ijayo ni mbali mno, nitakufa."

Ndiyo, kuna aliyeandika kwamba yeye ndiye atakayekufa. Kwenye kona ya kioo tarakimu zilikuwa zinapanda: ABAKI, asilimia themanini na moja.

Simu ya Bi Vifungo ikaita. Ni yule binti mchangamfu wa kipindi.

"Dada! Nisamehe, nisamehe sana, kumbe ulikuwa mkweli! Hujui umetufanyia nini. Haijawahi kutokea! Njoo studio sasa hivi, gari linakufuata, tukupake poda kidogo, uyaseme yote mbele ya..."

"Nataka mume wangu atoke."

"Kura ndiyo inayomtoa, dada. Huo ndio utaratibu."

"Yule mtu alishaua!"

"Dada, tunachoonyesha leo kilipigwa siku tisa zilizopita. Na mpaka asubuhi hii Mwalimu alikuwa mzima kabisa, hana hata mchubuko. Kuna askari, kuna kamera, usijitie presha."

Siku tisa! Bi Vifungo akahesabu kwa vidole, akahesabu tena. Siku tisa mumewe analala chumba kimoja na kaka yake, na kaka anajua ni nani.

"Na yeye mwenyewe?" akauliza. "Si anaruhusiwa kujitoa? Si mlituambia akiomba tu kuonana na bwana jela, anatoka?"

Ule uchangamfu wa binti ukapungua kidogo.

"Tulimuuliza," akasema. "Juzi, kupitia bwana jela. Akasema hatoki mpaka marehemu amweleze yote. Akasema yeye kwa mkewe hawezi kupata ukweli."

Nisikilize, msomaji. Kipigo kingine hakina alama. Huyu mwanamke alikaa chini ya meza ya kukatia nguo, juu ya vipande vya vitambaa, akalia kwa sauti huku akisimulia yote, mpaka Mama Vipimo, mwanamke ambaye hajawahi kumwambia mfanyakazi pole, akapiga magoti pembeni yake akamfuta uso kwa kanga yake.

"Nani mwingine anayemfahamu mumeo?" akamuuliza. "Huyo kaka amefungwa miaka tisa. Mumeo umempata miaka minne iliyopita. Alimjuaje?"

Kilio kikakatika.

Kweli. Alimjuaje? Wafungwa hawaoni televisheni. Hawajui kama Mwalimu ni wa kujitolea. Kuna mtu aliyemwona Mwalimu kwenye kipindi, akamtambua, akapeleka habari siku ya kutembelea wafungwa. Na anayemtembelea kaka yake ni mtu mmoja tu duniani.

Bi Vifungo alitoka mbio bila viatu vyake vya barabarani, na ndala za kazini, na sindano bado imechomekwa kifuani kwenye blauzi.

Saa kumi na moja na robo alisimama mbele ya mlango wa bluu ambao hakuwa ameugusa kwa miaka tisa. Rangi ilikuwa imebambuka chini. Ndani, televisheni ilikuwa inanguruma.

Akasukuma. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, magoti yake yale yale mabovu. Kwenye kioo cha televisheni, picha ya binti yake na uzi mdomoni. Ilishafika huko.

"Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia. Alichukua rimoti, akapunguza sauti, akaiweka tena mapajani.

"Mama, ulimwambia wewe?"

"Nilimwambia."

"Kwa nini?"

"Kwa nini?" Mama akageuka hatimaye. Alikuwa amezeeka, jamani, alikuwa amezeeka mno. "Mwanangu hana mtu. Wamemhamishia gereza hili mwaka jana, peke yangu ndiye ninayekwenda, na magoti haya. Nikawasha televisheni nikamwona mkwe wangu anaingizwa selo namba sita. Nilifurahi! Nikasema Mungu kampelekea ndugu. Nikaenda, nikamwambia, huyo mgeni ni shemeji yako, mchunge."

"Ulimwambia amchunge?"

"Mchunge, nilisema. Ulitaka nisemeje?"

Bi Vifungo akashika mlango. Neno moja, na mtu hulisikia jinsi moyo wake ulivyo. Mchunge, asiumizwe. Mchunge, asikuponyoke.

"Mkweo umemjuaje, mama? Harusini hukuja."

"Shangazi yako aliniletea picha. Akaniletea na habari." Mama akaibana rimoti mapajani. "Akaniambia mshereheshaji aliwasimamisha watu wote ukumbini dakika moja. Wamkumbuke marehemu kaka wa bibi harusi. Watu wakainamisha vichwa. Na wewe ukainamisha. Mwanangu ni mzima, nimembebea sabuni juzi, wewe umemzika na keki mezani!"

"Niliogopa, mama. Niliona haya. Nilidhani akijua ataniacha."

"Kusema ukweli mahakamani hukuona haya."

"Mlinzi yule alikuwa na watoto, mama."

Wakatazamana. Miaka tisa ilikuwa imekaa katikati yao na beseni la maji. Kisha Bi Vifungo akapiga magoti sakafuni, akamshika mama yake mikono yote miwili.

"Nichukie kesho," akasema. "Kesho yote nitakuja nikae hapa unichukie. Leo niambie kitu kimoja. Alisemaje? Ulipomwambia, kaka alisemaje?"

Mama akafumba macho.

"Siku ya kwanza hakusema mengi. Aliuliza unaendeleaje na ushonaji, nikamwambia sijui. Siku mbili baadaye nilipokwenda tena ndiyo akaniuliza, je, mumewe anajua nini kuhusu mimi? Nikamwambia..." Akashindwa. Akajaribu tena. "Nilikuwa na hasira nawe. Nikamwambia, kaambiwa umekufa."

"Akasemaje?"

"Alicheka kidogo. Unamjua anavyocheka. Akasema, basi na dada yangu ataambiwa hivyo hivyo."

Bi Vifungo hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa, akaruka, akatafuta simu kwenye mfuko wa aproni. Akampigia yule binti. Inatumika. Akapiga tena. Inatumika. Kwenye televisheni tarakimu zilikuwa zimefika themanini na sita, halafu, dakika arobaini kabla ya muda, zikafutika. Kioo kikabaki na maandishi meupe: SAMAHANI, KURA ZIMESIMAMISHWA KWA MUDA.

"Wamesimamisha," mama akasema. "Wamekusikiliza. Si umeona? Wanamtoa."

Simu ikaita mkononi.

"Haloo? Mmemtoa? Haloo?"

Upande wa pili kulikuwa na watu wengi wanaoongea kwa wakati mmoja, mlango ukafungwa, kelele zikakatika. Binti wa kipindi alikuwa anahema. Hakukuwa na mzaha hata kidogo katika sauti yake.

"Dada, uko wapi sasa hivi?"

"Nijibu kwanza, mmemtoa?"

"Umekaa au umesimama? Uko peke yako? Kuna mtu mzima hapo karibu nawe?"

Bi Vifungo akamtazama yule mwanamke mwenye miguu kwenye beseni, ambaye hakuwa ameitikia salamu yake.

"Niko na mama," akasema.

Binti akakohoa.

"Basi mpe mama simu, dada yangu."